Saruji Ndani ya Pingili

Mfupa wa mgongo huweza kuvunjika bila mtu kuanguka. Bibi anainama kuinua ndoo ya maji isiyojaa hata nusu, anasikia kitu kimekatika mgongoni, na kuanzia hapo hawezi kujigeuza kitandani bila kupiga ukelele. Mwingine huvunjika kwa kukohoa tu, au kwa basi kuruka tuta naye kakaa kiti cha nyuma. Nyumbani husemwa ni mgongo wa uzee. Atakandwa maji ya moto, atachuliwa, na baada ya wiki kadhaa ndipo ataletwa kupigwa eksirei. Kwenye picha, pingili moja ya pale kifua kinapokutana na kiuno, mara nyingi ya 12 ya kifua au ya kwanza ya kiuno, inaonekana imebonyea. Nyuma ina kimo chake cha kawaida, mbele imesagika. Zikibonyea mbili tatu za namna hiyo, mtu anafupika na kibiongo kinaanza kujitokeza.

Chanzo kikuu duniani ni osteoporosisi: mfupa umepungukiwa madini, kuta zake za ndani zimekonda. Inawapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wazee wa jinsia zote. Lakini hata kijana anaweza kufika huko kwa dawa. Prednisoloni ikitumiwa miezi mingi hula mfupa, na wapo wanaonunua deksamethasoni dukani bila cheti cha daktari ili wanenepe mashavu. Mashavu yananenepa kweli. Pingili zinalipa.

Wagonjwa hawapendi kuambiwa kwamba wengi wao watapona bila kisu wala sindano. Pingili iliyobonyea huunga yenyewe, na maumivu makali hupungua taratibu ndani ya wiki 6 hadi 12. Kazi yetu katika kipindi hicho ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu ya kutosha, mkanda wa mgongo kwa muda mfupi ikibidi, kisha kumsimamisha mapema iwezekanavyo. Ile desturi ya kumlaza mzee chali mwezi mzima inamwangamiza: misuli inanywea, damu inaganda miguuni, mapafu yanashikwa na nimonia, na mfupa wenyewe unazidi kuwa mwepesi kwa kukosa kubeba uzito.

Ni kwa wale wasioweza kusimama kabisa, hata kwa dawa kali, ndipo habari ya saruji inapoingia.

Ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984. Madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walikuwa na mgonjwa mwanamke aliyeteswa na uvimbe wa mishipa ya damu uliokuwa ukiila pingili ya pili ya shingo. Walipitisha sindano hadi ndani ya mfupa na kuujaza saruji ya mifupa, ileile ambayo John Charnley wa Uingereza alikuwa akishikizia nyonga za bandia tangu miaka ya mwisho ya 1950. Maumivu yalitulia. Mwaka 1987 walichapisha kazi yao, na tiba hiyo ikaitwa vertebroplasti. Katika miaka ya 1990 daktari wa mifupa wa California, Mark Reiley, alikuja na wazo la kutanguliza puto kabla ya saruji, na hiyo ikaitwa kifoplasti.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi, mito ikiwa chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie na mgongo unyooke kidogo. Wengi hawahitaji nusukaputi. Hupewa dawa ya kutuliza na ganzi ya mahali penyewe. Mashine ya mionzi huzungushwa juu na ubavuni mwake, na pingili huonekana kwenye skrini kutoka mbele na kutoka pembeni. Kila pingili ina vishikizo viwili vya mfupa, kulia na kushoto, vinavyounganisha mwili wake wa mbele na upinde wa nyuma. Sindano nene hupita humo, ikigongwa kwa nyundo ndogo, milimita chache kila mara, huku macho yakiwa kwenye skrini, kwa sababu kando tu ya kishikizo, upande wa katikati ya mgongo, umepita ugwe mgongo au neva zake. Kosa la milimita kadhaa kuelekea huko si kosa dogo.

Wakati huohuo muuguzi anachanganya unga na kimiminika chenye harufu kali. Unga umetiwa bariamu ili saruji ionekane kwenye mionzi. Mwanzoni mchanganyiko ni mwepesi mno na ukiusukuma utakimbilia kwenye mishipa ya damu. Unasubiriwa ufikie uzito wa dawa ya meno, kisha unasukumwa polepole, mililita chache tu. Kama ni kifoplasti, puto hutangulia, hujazwa kimiminika kwa shinikizo linalosomwa kwenye geji, likaacha nafasi, likatolewa, ndipo saruji ikaingia bila kusukumwa kwa nguvu. Puto hurudisha kimo kidogo. Anayeahidiwa kwamba kibiongo chake kitanyooka chote anadanganywa. Ndani ya dakika chache saruji imekuwa ngumu, kitundu cha ngozi kinafunikwa plasta bila hata mshono, na baada ya saa chache mgonjwa anajaribiwa kusimama.

Wapo wanaosimama na kutembea jioni ileile, na ukishaona hivyo ni vigumu kutilia shaka tiba. Ndiyo maana matokeo ya mwaka 2009 yaliwashtua wengi. Majaribio mawili, moja la Australia lenye wagonjwa 78 na jingine lililoongozwa kutoka Marekani lenye wagonjwa 131, yaliwagawa watu kwa kura: nusu walitiwa saruji, nusu wakafanyiwa igizo. Na igizo lilikuwa la uangalifu. Mgonjwa alilazwa vilevile na kupigwa ganzi, na hata chupa ya kile kimiminika ilifunguliwa ili chumba kijae harufu ya saruji. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ya kundi moja haikuizidi ya jingine kwa kiasi cha kuhesabika.

Malumbano yaliyofuata hayajaisha. Watetezi walisema wengi wa wagonjwa wale walikuwa wamekaa na mvunjiko miezi mingi, saruji ikaja imechelewa. Mwaka 2016 jaribio lililoitwa VAPOUR, pia la Australia, lilichukua watu 120 wenye maumivu makali na mvunjiko usiozidi wiki 6. Baada ya siku 14, asilimia 44 ya waliotiwa saruji walikuwa wameshuka hadi maumivu madogo, dhidi ya asilimia 21 ya waliofanyiwa igizo. Miaka miwili baadaye wenzao wa Uholanzi, wakiwa na wagonjwa 180, hawakuona tofauti. Mimi huangalia jambo moja ambalo hupitwa upesi: katika igizo la Uholanzi ganzi ilifikishwa hadi kwenye utando wa mfupa, ilhali katika VAPOUR iliishia chini ya ngozi. Yamkini ganzi ya mfupani yenyewe ni tiba, na hapo tunashindanisha dawa na dawa.

Kwa hiyo sidhani saruji inamfaa kila mwenye pingili iliyobonyea. Namfikiria mtu ambaye MRI inaonyesha mfupa bado una majimaji ya mvunjiko mpya, ambaye maumivu yake yapo palepale kidole kinapobonyeza, na ambaye wiki mbili tatu za dawa nzuri zimeshindwa kumtoa kitandani. Mvunjiko wa zamani usiouma hauguswi. Na habari ya hatari zake isemwe kabla ya karatasi kusainiwa: saruji huvuja mara nyingi, kwa kawaida bila madhara, ila ikivujia kwenye mfereji wa ugwe mgongo inaweza kupoozesha, na ikiingia kwenye mshipa inaweza kufika kwenye mapafu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna swali la kutangulia yote hayo: pingili hii imebonyezwa na nini? Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza mgongo wa namna hiyo mwaka 1779, na bado tunauona kliniki. Tazama kati ya pingili na pingili. Osteoporosisi inabonyeza mfupa na kuiacha diski mahali pake. Kifua kikuu mara nyingi kinakula pingili mbili zilizopakana pamoja na diski iliyo kati yao, na usaha unashuka pembeni ya mgongo. Ongeza homa za jioni, jasho la usiku, kilo zinazopotea, au umri wa miaka 30, na kushika sindano ya saruji ni kosa kubwa. Saruji ndani ya mfupa wenye vijidudu ni maficho yao. Mgonjwa huyo anahitaji sampuli ipimwe na vidonge vya miezi mingi, ambavyo nchini Tanzania na Kenya hutolewa bure.

Saratani nayo hubonyeza pingili, hasa iliyotoka kwenye titi au tezi dume, na ile ya uboho inayoitwa mayeloma. Kwa hawa saruji ina ushahidi wa kuridhisha zaidi: jaribio la mwaka 2011 lenye wagonjwa 134 wa saratani lilionyesha kwamba kifoplasti iliwapunguzia maumivu na kuwarudisha kwenye shughuli ndani ya mwezi. Na kupitia sindano ileile, kabla saruji haijaingia, unaweza kuchukua kipande cha mfupa kwenda maabara. Kutokukichukua, pale chanzo kisipojulikana, ni uzembe.

Kijana aliyeanguka mnazini ni habari nyingine. Pingili yake imepasuka, na vipande vinaweza kusukumwa nyuma kwenye ugwe. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, na tiba yake ni kuondoa mgandamizo na kufunga skrubu, siku hizi mara nyingine kwa vitundu vidogo vya ngozi badala ya mpasuo mrefu.

Linaloniudhi zaidi ni mama aliyetiwa saruji, akashukuru, akarudi nyumbani bila dawa ya mfupa. Pingili moja imeimarishwa. Zilizobaki ni zilezile, na aliyevunjika moja yuko karibu sana na kuvunjika ya pili. Kuna alendroneti, kidonge cha mara moja kwa wiki, kinachomezwa asubuhi kabla ya chakula kwa glasi nzima ya maji, na nusu saa ya kukaa au kusimama bila kulala. Kuna asidi ya zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka, ambayo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili kwa asilimia 70 katika miaka 3. Kabla ya dripu hiyo pima figo, kalsiamu na vitamini D, na kama kuna jino bovu, ling'olewe kwanza na fizi ipone.