Mzee wa Parkinson: atembee huku akifikiri

Katika familia zetu nyingi, mzee anapoanza kutetemeka mkono na kuburuta miguu, neno la kwanza husemwa kuwa huo ni utu uzima. Wengine hudhani amerogwa. Wachache hufikishwa hospitali na kuambiwa kuwa ni maradhi ya Parkinson, yaliyopewa jina la tabibu James Parkinson wa London, aliyeyaandikia risala mwaka 1817. Na hata hao wachache, wakisharudi na vidonge vyao, hukalishwa kwenye kiti barazani kwa nia njema kabisa: wasije wakaanguka.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya kiti hicho.

Mwenye afya haifikirii miguu yake. Huenda msikitini akizungumza na jirani, na hatua hujiendea zenyewe. Kazi hiyo husimamiwa na sehemu za ndani ya ubongo zinazohitaji kemikali iitwayo dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson, seli zinazoitengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na mwendo uliokuwa ukijiendea hugeuka kuwa jambo la kufikiriwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana mzee anayekatiza sebule vizuri hukwama ghafla mjukuu anapomuuliza, "Babu, funguo umeziweka wapi?" Fikra aliyoielekeza miguuni imehamia kwenye funguo. Nyayo huganda sakafuni ilhali kiwiliwili kinaendelea mbele, naye huanguka. Kuvunjika nyonga katika umri huo si jambo dogo. Wako wasioinuka tena.

Ushauri wa zamani ulikuwa afanye jambo moja kwa wakati mmoja: akitembea, asizungumze. Kwenye ngazi na katika kuvuka barabara, tunauunga mkono hadi leo. Lakini ni nani awezaye kuishi hivyo siku nzima, katika nyumba yenye watoto, wageni na salamu? Huko Ubelgiji na Uholanzi, wagonjwa 121 walifundishwa majumbani kwao kwa wiki 6. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mwendo na ya akili kwa nyakati mbalimbali, jingine likayafanya kwa pamoja. Makundi yote mawili yalipata kasi zaidi ya kutembea huku wakishughulika na jambo jingine, na faida hiyo ilikuwapo bado baada ya wiki 12. Kuanguka hakukuongezeka, jambo ambalo ndilo lililokuwa likihofiwa.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa hapa kwetu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, wakakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, wengi wao hawajawahi kuambiwa wana maradhi gani. Baadaye wagonjwa 21 ambao hawakuwa wameanza dawa walizoezwa nyumbani kutembea kwa kufuata kifaa kidogo kinachogonga kwa mpigo ulio sawa, kama saa ya ukutani. Vilikuwa vipindi 9 vya nusu saa, ndani ya wiki 3. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha mwendo umekuwa bora, walipotembea tu na hata walipotembea huku wakifanya kazi nyingine.

Basi familia ianzeje? Kwanza ni kumwona daktari, hasa kama mzee ameshaanguka mara kadhaa au kumbukumbu imepungua sana. Wala dawa zisiachwe. Kisha wachague saa ambayo dawa imeshafanya kazi, mahali palipo sawa, na viatu vinavyoshika. Msaidizi akae ubavuni, asimtangulie akimvuta mkono. Mzee atembee kwa hatua ndefu akihesabu moja, mbili, moja, mbili. Hilo likizoeleka, aongezewe kazi ya akili: ataje wajukuu wote kuanzia mdogo, au ahesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa kuruka tatutatu. Kusoma sura aliyoihifadhi tangu chuoni hakutoshi kwa zoezi hili, kwani ulimi wake umeizoea. Aulizwe ni sura gani inayoitangulia, ndipo akili itakapofanya kazi. Akiganda, maswali yakome hapo hapo. Asimame, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu hadi mguu, kisha avuke mstari wa chaki au fimbo iliyolazwa mbele yake. Ajabu ni kwamba aliyeshindwa kuinua mguu kwenye sakafu tupu mara nyingi huuinua akiona cha kuruka.

Nasi wa kamati za misikiti tuna letu. Mlango mwembamba peke yake hutosha kumgandisha mgonjwa wa Parkinson, sembuse mlango wenye lundo la ndara. Rafu ya viatu, na bomba la kushikia kando ya ngazi, ni kazi ya fundi ya siku moja.