Chupa Moja, Masikio Mawili: Kumtibu Mbwa Sikio Pale Fedha Inapobana

Jioni moja mama mmoja anaingia katika duka la dawa muhimu na kuomba dawa ya matone ya sikio. Muuzaji anamuuliza dawa ni ya nani. "Ya mtoto," anajibu mama, akitazama pembeni. Anauziwa chupa ndogo ya jentamaisini, anaifunga katika ncha ya khanga na kuondoka.

Kwa kweli mgonjwa yuko nyumbani, amefungwa chini ya mwembe. Ni mbwa wa ulinzi ambaye kwa wiki nzima amekuwa akitikisa kichwa, akijikuna sikio la kulia hadi likatoka damu, na akitoa harufu inayofika hadi sebuleni. Mama huyu hakudanganya kwa ubaya. Ada ya shule inadaiwa, daktari wa mifugo yuko mbali, na aliona aibu kusema kwamba fedha ya mwisho ya juma inatumika kwa mbwa.

Siku tatu baadaye mbwa anapunguza kujikuna, na chupa iliyobaki nusu inawekwa rafuni. Wiki tatu zikipita, harufu inarudi, tena kali kuliko mwanzo. Usiku huohuo mtoto wa miaka 4 anaamka akilia kwa maumivu ya sikio, na chupa iko palepale rafuni.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini wauza dawa wengi watakitambua. Kinaonyesha jinsi ugonjwa mdogo wa mnyama unavyoweza kuigharimu familia mara mbili, na jinsi mtoto anavyoweza kuingizwa katika gharama hiyo bila mtu kukusudia.

Sikio la mbwa lilivyoumbwa

Mfereji wa sikio la mbwa umepinda. Hushuka wima kutoka kwenye tundu la sikio, kisha hukata kona na kwenda kwa ulalo hadi kwenye kiwambo cha sikio. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa anayechungulia kwa tochi huona sehemu ya juu tu, na uchafu, nta na maji hukaa chini ya kona hiyo. Kwa mbwa mwenye masikio yanayoning'inia au yenye manyoya mengi ndani, joto na unyevu huzidi, na vijidudu hupata mahali pazuri pa kuzaliana.

Hata hivyo, vijidudu mara nyingi ndio wageni wa mwisho kufika. Kwanza hutangulia jambo linalowasha au kuumiza ngozi ya sikio. Linaweza kuwa mzio wa chakula, wa vumbi au wa mimea. Utitiri wa masikioni. Kupe aliyejificha ndani. Mbegu ya nyasi iliyochoma ngozi. Au kinyama kilichoota katika mfereji. Ngozi ikishavimba, fangasi aina ya Malassezia na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya mbwa huongezeka kupita kiasi.

Sura za uchafu husaidia kukisia. Utitiri huacha uchafu mkavu mweusi unaofanana na masalia ya kahawa, na huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa. Fangasi huja na nta ya kahawia yenye mafuta na harufu ya uvundo. Bakteria huleta usaha wa njano au kijani, vidonda na maumivu makali. Lakini kukisia kuna mpaka wake, kwani sikio moja linaweza kuwa na vyote vitatu.

Kwa nini dawa ya kubahatisha huwa ghali

Antibayotiki haiui fangasi wala utitiri. Ikiwa tatizo la mbwa yule lilikuwa fangasi, jentamaisini ya mama ilikuwa fedha iliyomwagwa. Ikiwa lilikuwa bakteria, kuacha dawa baada ya siku tatu kuliwaacha hai wale waliostahimili, nao ndio waliozaliana baadaye. Bakteria aitwaye Pseudomonas, anayejulikana kwa usaha wake wa kijani, ni hodari sana wa kujenga usugu, na kumtibu huhitaji dawa za bei kubwa zaidi kwa muda mrefu zaidi.

Hatari nyingine ni kiwambo cha sikio. Maambukizi ya muda mrefu yanaweza kukitoboa. Kiwambo kikiwa na tundu, dawa kama jentamaisini na neomaisini zinaweza kupenya hadi ndani na kuharibu seli za kusikia na za mizani ya mwili. Ndivyo ilivyo kwa mbwa, na ndivyo ilivyo kwa binadamu.

Yapo pia mambo ya nyumbani yanayofanywa kwa nia njema na kuleta madhara. Spiriti huunguza ngozi yenye vidonda. Haidrojeni peroksaidi huwasha ngozi na kuacha unyevu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe haifai kumiminwa sikioni. Ivamektini ya mifugo, inayochomwa kwa kukadiria, inaweza kumlewesha au kumuua mbwa, hasa mwenye damu ya jamii ya Collie. Vidonge vya maumivu vya binadamu navyo ni sumu kwake: ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli huharibu ini.

Fedha kidogo itumike wapi

Fedha ikiwa haitoshi kwa kila kitu, fungu la kwanza litumike kujua kilichomo sikioni. Kipimo kinachohitajika ni chepesi. Daktari wa mifugo huzungusha kijiti cha pamba ndani ya sikio, hupaka uchafu juu ya kioo, huweka rangi na kutazama kwa hadubini. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo huonyesha kama kuna fangasi, bakteria au utitiri. Hakuna haja ya kuanza na kipimo cha kuotesha vijidudu, ambacho ni ghali. Hicho huhitajika pale matibabu ya kwanza yaliposhindwa au usaha unapoashiria bakteria sugu.

Fungu la pili ni dawa moja iliyo sahihi, inayotosha hadi mwisho. Kwa maambukizi ya kawaida matibabu huchukua takriban wiki moja hadi mbili, na zaidi kwa yale sugu. Fungu la tatu, ambalo wengi hulikata, ni ziara ya marudio. Kuwashwa huisha kabla ya maambukizi kuisha, hivyo utulivu wa mbwa pekee hautoshi kuwa ushahidi wa kupona.

Mwenye mbwa asione haya kutaja kiasi alichonacho tangu mwanzo. Maneno kama "Daktari, nina kiasi hiki, tuanze na lipi?" humwezesha mtaalamu kupanga hatua kwa umuhimu wake. Anayeishi mbali na kliniki anaweza kuanzia kwa afisa mifugo wa kata, ambaye atamwelekeza mahali pa karibu. Vyuo vinavyofundisha udaktari wa wanyama, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, huwa na hospitali za kufundishia, na inafaa kuuliza huduma na gharama zake. Jambo moja la kukumbuka: sikio lisisafishwe siku ya kumpeleka mbwa, ili sampuli isipotee.

Sikio likirudia kuugua kila baada ya miezi michache, kuendelea kununua matone hakutoshi. Chanzo, ambacho mara nyingi ni mzio, hakijaguswa. Daktari anaweza kushauri chakula cha aina moja ambacho mbwa hajawahi kula, kwa takriban wiki nane, ili kuona kama chakula ndicho chanzo. Na ikiwa ni utitiri, wanyama wote wa nyumba hiyo, paka wakiwemo, watibiwe pamoja, la sivyo wataambukizana upya.

Kusafisha bila gharama kubwa

Kuna kazi ambayo mwenye mbwa anaweza kuifanya mwenyewe. Pale ambapo hakuna dawa maalumu ya kusafishia, na hali ya kiwambo haijulikani, maji ya chumvi ndiyo yenye madhara madogo zaidi. Chemsha lita 1 ya maji, weka kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Maji baridi humtia mbwa kizunguzungu.

Nyanyua jani la sikio, mimina maji taratibu, kisha kanda shina la sikio kwa takriban nusu dakika hadi usikie sauti ya maji yakichezacheza. Mwachie mbwa atikise kichwa. Futa kwa pamba au kitambaa safi pale tu kidole kinapofika. Vijiti vya pamba visiingizwe ndani, kwa sababu husukuma uchafu chini ya kona. Maji haya huondoa uchafu na kuipa dawa nafasi ya kufika, hayatibu maambukizi. Mbwa akilia au kujaribu kuuma, acha mara moja.

Nje ya ugonjwa, kausha masikio kila baada ya kumwosha, mtoe kupe, na nyanyua masikio mara moja kwa wiki kuyatazama na kuyanusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili zisizongoja mwisho wa mwezi

Mbwa apelekwe kwa daktari bila kuchelewa akiinamisha kichwa upande mmoja, akiyumba au kuzunguka, macho yakichezacheza, uso ukilegea upande mmoja, au akionekana kutosikia. Hizo ni dalili kwamba ugonjwa huenda umefika sikio la kati au la ndani. Jani la sikio likivimba kama mto, kuna damu iliyovia ndani yake kwa sababu ya kutikisa kichwa. Ugonjwa ulioachwa kwa miaka unaweza kuufanya mfereji uwe mgumu na kuziba, na hapo tiba inayobaki huwa upasuaji wa kuuondoa wote, gharama ambayo kaya nyingi hazitaimudu.

Kwa wauza dawa na watumishi wa afya

Mteja anayeomba matone ya sikio aulizwe kwa upole: mgonjwa ana umri gani, anaumwa tangu lini, sikio linatoa usaha? Majibu yakisitasita, muuzaji anaweza kuongeza, "Wapo wanaonunua kwa ajili ya mbwa, kama ni hivyo, niambie tu nikuelekeze." Asicheke wala kukemea. Mteja aliyekemewa leo atadanganya vizuri zaidi kesho, na dawa itatoka kwa jina la mtoto asiyeumwa.

Familia zielezwe pia kwamba dawa ya mbwa isitumike kwa mtu. Matone mengi ya mbwa huchanganya antibayotiki, dawa ya fangasi na steroidi katika chupa moja. Mtoto mwenye maumivu ya sikio anahitaji kuchunguzwa. Anayetoa usaha kwa siku 14 au zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huelekeza sikio likaushwe kwa utambi safi na litiwe matone ya jamii ya kwinoloni, ambayo hayana sumu kwa sikio la ndani kama jentamaisini.

Mwisho, mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya tathmini na chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayemhudumia mbwa anawe mikono kwa sabuni, na mwenye vidonda mikononi au kinga dhaifu asiguse usaha wake.

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Usiku ule aliishika chupa, akaiangalia, akairudisha rafuni. Asubuhi alimpeleka mtoto zahanati, ambako alikutwa na uvimbe wa sikio la kati na kupewa dawa stahiki. Jumamosi alimpigia simu afisa mifugo. Hadubini ilionyesha fangasi watupu katika sikio la mbwa. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa moja, ya wiki mbili, na safari hii aliimaliza. Ile chupa ya jentamaisini aliirudisha dukani ili iteketezwe, na muuzaji alipomuuliza ilikuwa ya nani, alimwambia ukweli.