Blogu ya biashara: Mapambo yasile mtaji

WAFANYABIASHARA wa mchele, maharage, viazi na parachichi wa Ilomba na kata nyingine za Jiji la Mbeya wanaofungua blogu ili kutangaza bei zao wanashauriwa kuhesabu gharama ya kila pambo wanaloongeza. Blogu iliyojaa mapambo hufunguka polepole, na mteja aliyechoka kusubiri hununua kwingine.

Mteja huyo huenda yuko Dar es Salaam, Tunduma au ng'ambo ya mpaka, Zambia na Malawi. Anataka mambo matatu: bei ya leo, kiasi kilichopo ghalani na namba ya simu. Kila kinachoongezwa kwenye blogu kipimwe kwa mambo hayo matatu.

Blogu si ngeni nchini. Mpiga picha Issa Michuzi alianza yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, baada ya kuhamasishwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili. Ilikuwa kwenye huduma ya bure ya Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Kilichowavuta wasomaji ni picha na habari mpya kila siku.

Kiwanja na jina

Anayeanza ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni Blogger. Haina malipo na mwenye blogu anaweza kubadili rangi, maandishi na mpangilio, lakini nafasi ya kuongeza vifaa ni ndogo. Ya pili ni WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Programu yenyewe ni ya bure. Gharama ni kukodi nafasi kwenye seva. Faida yake ni programu jalizi, ambazo mafundi huziita plagini: vipande vidogo vya programu vinavyoipa blogu kazi mpya. Katika orodha rasmi ya WordPress zipo zaidi ya 50,000 zisizolipiwa.

Kwa njia yoyote, lipia jina lako mwenyewe, kwa mfano linaloishia na .co.tz. Blogger nayo inaruhusu kutumia jina ulilolinunua. Hakikisha jina limesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako, siyo la fundi. Fundi akihama mji nalo likiwa lake, wateja wako wanabaki mikononi mwake.

Hesabu ya uzito

Tuchukue mfano. Ukurasa wa bei wenye picha kubwa na mapambo yanayocheza una uzito wa MB 3. Wateja 200 wakiufungua upya mara 20 kwa mwezi, jumla ni MB 12,000. Ukurasa huo ukipunguzwa hadi MB 0.5, jumla inashuka hadi MB 2,000. Tofauti ya MB 10,000 hulipwa na wateja kutoka katika vifurushi vyao vya simu.

Ili kupima blogu yako, tumia PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni ya bure. Andika anwani ya blogu nayo itaonyesha kinachoichelewesha. Mara nyingi dawa ni kupunguza picha kabla ya kuzipandisha.

Vifaa vyenye faida

Kwa anayetumia WordPress, vifaa vichache vinatosha:

TablePress hutengeneza majedwali. Jedwali la bei kwa kilo na kwa gunia, lenye tarehe juu yake, lina thamani kuliko picha kumi za mchele.

Loco Translate husaidia kugeuza maneno ya vitufe na fomu kuwa Kiswahili.

UpdraftPlus huweka nakala ya akiba ya blogu. Nakala hiyo itunzwe nje ya seva.

Akismet huzuia maoni ya matapeli. Ni ya bure kwa blogu binafsi. Blogu ya biashara hulipia.

WooCommerce hugeuza blogu kuwa duka. Ni nzito, hivyo asiyepokea oda nyingi aiache kwanza.

Kitufe cha WhatsApp hakihitaji programu jalizi. Andika kiungo cha wa.me/ kikifuatiwa na namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Mteja akikibonyeza, mazungumzo yanafunguka.

Kuhusu sura ya blogu, mandhari za bure zinazotolewa na WordPress yenyewe zinatosha. Fundi akitaka kurekebisha msimbo wa mandhari, mwambie atengeneze mandhari-mtoto, yaani nakala ndogo inayobeba mabadiliko tu. Bila hivyo, mandhari ikisasishwa kazi uliyoilipia inafutika.

Rahisi inayogharimu

Kabla ya kuweka programu jalizi, angalia tarehe iliyosasishwa mwisho na idadi ya wanaoitumia. Hata hivyo, wingi wa watumiaji si dhamana. Mwaka 2017 Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliondolewa katika orodha rasmi. Ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya aliingiza msimbo wa siri uliomwezesha kuchapisha matangazo kwenye tovuti za watu.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mandhari za kulipia zinazogawiwa bure mitaani au kwenye tovuti za wizi. Nyingi hubeba msimbo wa aina hiyo. Mnunuzi akipelekwa kwenye tovuti ya kamari badala ya bei ya maharage, jina la duka limeharibika.

Sheria nayo ni gharama

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi Sh. 100,000, leseni ya kuanzia Sh. 1,000,000 na ada ya mwaka Sh. 1,000,000. Adhabu ya kukosa leseni ilikuwa faini isiyopungua Sh. 5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kanuni na ada zimebadilishwa baadaye. Anayetaka kuongeza habari na matangazo ya watu wengine kwenye blogu yake aulize kwanza ofisi ya TCRA ya Kanda, iliyoko Mbeya.

Vilevile, fomu ya oda inayokusanya majina na namba za simu inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Wakusanyaji wa taarifa hizo wanatakiwa kujisajili kwa Tume husika. Usiombe taarifa usiyoihitaji.

Kwa mwenye mtaji mdogo, mpangilio wa matumizi uwe huu: jina kwanza, kisha jedwali la bei, kisha kiungo cha simu, kisha nakala ya akiba. Kila nyongeza baada ya hapo ipewe mwezi mmoja. Kama haikuleta simu ya mteja, iondolewe.