Mpira wa Nyuma Katika Njia ya Msituni

Katika mji wa Kisangani jamaa nyingi siku hizi hula, huvaa na kusomesha watoto kwa kazi ya pikipiki. Zamani kidogo baiskeli ndizo zilizotawala. Watu waliziita toleka, yaani "twende", nazo zilichukua abiria mjini na mizigo vijijini, hasa katika miaka ile ya vita, barabara zilipokufa na magari yakatoweka. Pikipiki ikaja, ikazisukuma kando. Leo ndiyo iendayo Banalia na Buta upande wa kaskazini, Lubutu upande wa kusini-mashariki, na Bafwasende, Nia-Nia, hata Mambasa kwa njia ya Ituri. Toka Kisangani mpaka Bafwasende ni kilometa zipatazo 260, na nyingi sana kati ya hizo ni za udongo mwekundu, mawe na madimbwi.

Ukimwuliza mwenye pikipiki ni kitu gani kinachomla fedha, atataja petroli kwanza, kisha vizuizi vya njiani, kisha mipira. Bei ya petroli haimo mikononi mwake, wala vizuizi havimo. Lakini maisha ya mpira yamo mikononi mwake kuliko anavyodhani, na ndiyo maana yafaa tuyazungumze.

Mpira wa nyuma huisha kabla ya ule wa mbele, na sababu yake ni wazi: huo ndio unaosukuma pikipiki yote, nao ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Tazama ubavuni mwa mpira wako. Baada ya kipimo chake, kwa mfano 3.00-17, katika mipira mingi utaona nambari nyingine ndogo yenye herufi. Nambari hiyo yaonyesha uzito ambao mpira ule ulitengenezwa kuuchukua: 41 maana yake kilo 145, 46 ni kilo 170, 50 ni kilo 190. Haya, tufanye hesabu pamoja. Pikipiki yenyewe kilo 110, mwendeshaji 65, abiria wawili 130, na gunia la mchele la kilo 50 limefungwa nyuma yao. Jumla ni kilo 355. Tukisema theluthi mbili tu za uzito huo zinaangukia nyuma, na kwa kweli huwa zaidi, tumekwisha kuweka kilo 236 juu ya mpira ulioandikiwa 190. Kisha mtu hushangaa kwamba mpira mpya umekatika nyuzi kabla ya miezi mitatu, na kumlaani Mhindi au Mchina aliyeutengeneza!

Adui wa pili haonekani kwa macho, naye ni upungufu wa upepo. Mpira uliolegea hujikunja kila ugusapo ardhi, na gurudumu dogo la pikipiki huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilometa. Mikunjo hiyo huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zake za ndani, hata ubavu ukaanza kupasuka vijistari kama udongo wa kiangazi. Kwa pikipiki nyingi ndogo kiwanda huagiza karibu kilo 1.75 za upepo mbele, kilo 2 nyuma kwa mtu mmoja, na kilo 2.25 akiwapo abiria. Lakini kila pikipiki ina maagizo yake, na hayo ndiyo ya kufuatwa. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, mpira ukiwa baridi, tena kwa kipimo. Kuubonyeza kwa kidole au kuupiga teke ni kujidanganya. Nao wanaopunguza upepo saa nane mchana kwa kuona kipimo kimepanda, wanakosea. Upepo umevimba kwa joto tu, na jioni mpira utakuwa umelegea.

Hapa wajuzi wa njia watatupinga. Watasema kwamba mahali penye matope mazito ni lazima kupunguza upepo ili mpira utandazike na kushika ardhi. Ni kweli, na anayekataa hajapita huko wakati wa mvua. Shida ni kwamba mtu akisha kuvuka matope hufurahi, hupanda na kwenda zake bila kutia upepo tena. Mpira ukiwa umelegea vile, huteleza juu ya chuma cha gurudumu na kuuburuta mpira wa ndani pamoja nao. Utaona vali, ambayo ilisimama wima, sasa imeinama upande. Hiyo ni dalili ya kuheshimiwa: kilometa chache zaidi na shina la vali litang'oka, na mpira wa ndani uliong'oka vali haushoneki wala haubandikiki. Kwa hiyo pampu ndogo ni ya kufungwa kwenye pikipiki kila safari, wala isiachwe nyumbani.

Tena zitazamwe spoku zilizolegea, kwa kuwa huchoma kutoka ndani. Na mnyororo uliokaa upande, kwa kuwa gurudumu lililopinda hujisugua lenyewe. Petroli na oili zisidondokee mpira, maana huulainisha na kuuoza. Jambo hili husahauliwa sana wakati wa kujaza petroli kutoka chupa za wale wauzaji wa barabarani waitwao kadhafi.

Ni ajabu kwamba mji huu hununua mipira kutoka mbali. Dunlop alitengeneza mpira wake wa upepo mwaka 1888, na mara ulimwengu ukaanza kuutafuta utomvu kwa pupa. Wakati huo misitu ya Kongo ilikuwa chini ya Mfalme Léopold II, tangu 1885 hata 1908, na wanakijiji walilazimishwa kuigema mitoria ya msituni kwa mjeledi na bunduki. Wengi walikufa, wengine walikatwa mikono. Baadaye mashamba ya mipira ya Asia, yaliyotokana na mbegu zilizochukuliwa Brazili mwaka 1876, yakaushinda utomvu wa msituni kwa bei. Leo mpira wa pikipiki upitao Bafwasende ni mchanganyiko wa utomvu wa shambani, mpira wa kiwandani na masizi. Masizi hayo ndiyo yaupao weusi na nguvu. Bila hayo mpira ungekuwa mweupe-mweupe, nao ungechakaa upesi sana.

Turudi kwenye fedha. Watu wengi huona ni hasara kuutupa mpira ambao bado unazunguka. Huutumia mpaka meno yameisha kabisa na nyuzi zinachungulia, na wengine, kwa desturi iliyo mbaya kuliko zote, huuhamisha gurudumu la mbele, ambalo ndilo linaloelekeza pikipiki na kubeba kazi kubwa ya breki. Lakini mpira uliokonda huchomwa na kila mwiba na kila msumari wa daraja la magogo. Ulipokuwa mzima, ulitoboka pengine mara moja katika safari tatu. Sasa hutoboka mara tatu katika safari moja. Kila mara alipwe kwado, fundi wa mipira; kila mara saa moja ipotee, na mpira wa ndani uongezwe kiraka juu ya kiraka. Safari za mwisho za mpira huu zaweza kugharimu kuliko bei ya mpira mpya. Tena abiria si gunia. Kati ya Bafwasende na Nia-Nia, pikipiki huchukua pia mama mwenye uchungu wa kuzaa na mtoto mwenye homa, na mpira ukipasuka usiku katika msitu ule, wao ndio watakaongoja.

Wakati wa kununua, isitazamwe bei peke yake. Mpira uishao kwa safari sita, na mwingine wenye bei mara moja na nusu lakini uendao safari kumi na mbili: huu wa pili ndio rahisi. Itafutwe pia ile nambari ya tarakimu nne ubavuni. 3223 maana yake umetengenezwa katika juma la 32 la mwaka 2023. Mpira uliokaa miaka mingi juani mbele ya duka umekwisha kuzeeka, hata kama meno yake ni mapya.

Hesabu hii yafaa iandikwe, na mara nyingi mama wa nyumba ndiye mwandishi bora. Katika daftari la jikoni aandike siku mpira ulipofungwa, kilometa zilizosomeka, bei, na kila kiraka kilicholipiwa. Kila baba arudipo safari, aweke kando faranga chache kwa ajili ya mpira, kabla fedha hazijagawanywa kwa unga, chumvi na karo. Viraka vikianza kufuatana katika ukurasa, fedha za mpira mpya ziwe zimekwisha timia katika kopo.