Mikono ya shati, soli ya kiatu

Oktoba 2011 Jenerali James Amos, mkuu wa kikosi cha Marines cha Marekani, aliamuru askari wake washushe mikono ya magwanda mwaka mzima, joto liwepo lisiwepo. Manung'uniko yakazagaa kambini. Marines walikuwa na ukunjaji wao: kitambaa kinageuzwa ndani nje, upande uliopauka unaonekana, na mkunjo unabana msuli wa mkono bila kunyanzi hata moja. Askari wa nchi kavu walikunja kwa namna nyingine, kwa hiyo mkono wa gwanda ulitosha kumtambulisha mtu kwa mbali. Machi 2014 amri hiyo ilitenguliwa, mikono ikapanda tena.

Mwanamume anayetoka ofisini Ijumaa jioni hana kamanda wa kumkagua, ila hukunja shati kwa sababu zinazofanana: joto, na kutaka kupendeza. Wengi huharibu hatua ya kwanza. Hufungua kifungo cha kafu peke yake, kisha wanasukuma kitambaa juu kama wanaojiandaa kuosha masufuria. Katikati ya kafu na kiwiko, kwenye ule mpasuo, mashati mengi ya mikono mirefu yana kifungo kingine kidogo. Hicho nacho kifunguliwe. Kikiachwa, mkunjo unakuwa mwembamba, unabana mkono na kuacha alama.

Njia ya haraka ni kukunja kwa upana wa kafu, mara mbili au tatu, na kuishia chini kidogo ya kiwiko. Inafaa, lakini hulegea kila mtu anapoinua mkono. Inayodumu ni hii: kafu inageuzwa ndani nje na kuvutwa moja kwa moja hadi kwenye kiwiko, bila kukunjwa. Kitambaa kilichobaki chini yake kinapandishwa mara moja tu, kiifunike kafu na kuacha ncha yake ikichungulia. Mkunjo wa chini ndio unaoishikilia kafu isiteremke, na ukihitaji kuingia kikaoni unavuta mara moja tu, mkono unashuka bila makunyanzi mengi. Pamba na kitani hutulia vizuri kwa mtindo huu. Poliesta huteleza, na hakuna ufundi wa kuidhibiti.

Kuchomeka au kutochomeka huamuliwa na fundi cherehani kabla ya mvaaji. Shati lenye upindo wa mviringo, mrefu mbele na nyuma na mfupi ubavuni, lilikatwa lichomekwe. Likiachwa nje linaning'inia kama lililosahaulika. Lenye upindo ulionyooka, kama mashati mengi ya kitenge au koti la suti ya Kaunda, limekusudiwa kukaa nje. Spika Moses Wetang'ula alipoipiga marufuku suti ya Kaunda katika Bunge la Kenya, Novemba 2023, mjadala ulihusu hadhi ya ukumbi. Kwa upande wa joto la Mombasa, Kaunda, rais wa zamani wa Zambia aliyeipa suti hiyo jina lake, alikuwa na hoja.

Kwenye viatu ndiko fedha nyingi zaidi hupotea, na mara nyingi hupotea kwa wema: mtu anakipaka kiatu kiwi kila asubuhi akidhani anakilisha. Kiwi ya kopo ilianza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza kwa buti za askari. Ndani ya kopo kuna nta, rangi na kiyeyusho. Kiyeyusho ndicho kinachonuka. Kinaruka hewani baada ya kupakwa na kuiacha nta juu ya ngozi. Brashi ikipita kwa kasi, nta inalainika kidogo na kusawazika, na uso uliosawazika ndio unaorudisha mwanga. Kwa hiyo mng'aro wote uko juu juu. Ngozi inayokauka huhitaji mafuta, na hayo hupatikana zaidi kwenye krimu ya viatu.

Nta ikirundikwa tabaka juu ya tabaka bila kusafishwa, inapasuka pale vidole vinapokunjia kiatu, na vumbi lililonaswa humo linasugua ngozi kila hatua. Ndiyo maana mpiga kiwi anayeijua kazi yake haanzi na kopo. Anaanza na brashi kavu, kisha kitambaa chenye unyevu, anasubiri, halafu anapaka kidogo sana. Ile dawa ya maji yenye sifongo mdomoni inavutia kwa sababu inang'aa papo hapo, lakini huacha utando unaopasuka baada ya muda. Ni ya dharura.

Masika yana sheria yake. Kiatu kilicholowa kinajazwa magazeti makavu, yanabadilishwa yakishalowa, na kinakaushwa kivulini penye upepo. Jua la saa saba au joto la jiko huifanya ngozi isinyae na kukakamaa, na ikishapasuka hairudi. Jasho nalo ni maji: kiatu cha ngozi kilichovaliwa kutwa kinahitaji siku moja ya kupumzika, hivyo jozi mbili zinazopokezana hudumu zaidi ya mara mbili ya jozi moja. Pwani, kukifungia kiatu kwenye mfuko wa plastiki ni kukaribisha ukungu.

Buti za ngozi yenye vinyoya zina habari yake. Nathan Clark wa Uingereza aliona maofisa wa jeshi huko Burma wakizivaa, zimeshonwa kwenye masoko ya Cairo, na mwaka 1950 kampuni ya familia yake ikaanza kuziuza. Afrika Mashariki zinajulikana zaidi kwa jina la safari buti, zikitoka kiwanda cha Bata cha Limuru. Kiwi kwenye ngozi hiyo ni uharibifu, maana nta inavilaza vinyoya moja kwa moja. Brashi kavu inatosha, na doa dogo hutoka kwa ufutio wa penseli.

Raba na viatu vingi vya mitumba vina ugonjwa usioonekana dukani. Soli za poliyurethani hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo unakata taratibu minyororo ya kemikali inayozishikilia. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa, kikavaliwa kwenda harusini, na soli ikamomonyoka vipande vipande kabla ya keki kukatwa. Kukitunza ndani ya boksi hakusaidii, kwani unyevu unaingia na humo. Kabla ya kulipa kwenye soko la mitumba la Karume au Gikomba, mnunuzi aikunje soli na kuibonyeza kwa kidole gumba: ikinata, ikitoa unga au ikionyesha nyufa ndogo, aiache. Gundi haiponyi, kwa sababu kilichooza ni soli yenyewe. Fundi viatu anaweza kuikwangua yote na kubandika ya mpira, alimradi ngozi ya juu ingali nzima na bei ya kazi hiyo haijapita ya kiatu.