Zawadi ya mtandaoni na jetoni ya kambini

Ukimwambia mtoto wa Goma kwamba duniani hakuna cha bure, hatakuamini, na ana haki. Ameona magunia ya unga yenye alama ya PAM, shirika la chakula duniani, yakishushwa kwenye kambi za Bulengo na Kanyaruchinya. Amesikia nyumbani jinsi Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, familia zilivyokimbilia Sake na Rutshuru, zikalazwa na kulishwa na watu wasiowafahamu. Vitu vya bure vipo, na hapa kwetu vimeokoa maisha. Ndiyo maana onyo letu wazazi, "hayo yote ni uongo", huingia sikio hili na kutokea lile.

Basi mtoto huyo anapomtazama Mmarekani Jimmy Donaldson, maarufu kwa jina la MrBeast, akigawa pesa na magari kwenye video zilizotiwa sauti ya Kifaransa, haoni muujiza. Anaona mgao. Na kweli mgao wenyewe hufanyika. Novemba 2021 Donaldson alitoa dola 456,000 kwa mshindi wa shindano lililoigwa kutoka tamthilia ya Kikorea, Squid Game. Novemba 2023 alionyesha visima 100 alivyochimbisha Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Kwa mtoto anayepanda kutoka ziwani na bidoni kichwani kabla ya kwenda shule, maji yanayobubujika kwenye ile video si mchezo. Tukimwambia ni uongo, siku akigundua visima vipo, hatatusikiliza tena hata pale tunaposema kweli.

Mimi naona tuanzie kwenye kile anachokijua, yaani jetoni, kile kipande cha kuchukulia mgao kambini. Mtoto aliyepita kambini, au mwenye binamu aliyepita huko, anajua mgao unavyokwenda. Kwanza watu huandikishwa. Kuna orodha, na jina lisilosomwa hurudi mikono mitupu. Aliyelipa ameandikwa kwenye gunia. Hata wadogo wanajua kwamba orodha inaweza kuchezewa, na kwamba ukikaa karibu na msomaji wa majina unaona mengi. Huo ni ujuzi mkubwa, na walioupata waliulipia. Tumwombe mtoto autumie huohuo mbele ya simu. Aliyelipa ni nani? Orodha iko wapi? Jina la mshindi lilisomwa na nani, na nani alikuwa anaangalia? Na sisi tuliojiandikisha, tumetoa nini?

Swali la kwanza lina jibu. Mwaka 2017, video ya Donaldson iliyofungua njia hii ilimwonyesha akimpa mtu asiye na makao dola 10,000, na fedha hizo zilitoka kwa kampuni iliyotaka jina lake litajwe. Video ikitazamwa na mamilioni, matangazo huleta fedha nyingine, nazo hugharimia zawadi kubwa zaidi. Tangu 2022 anauza pia chokoleti yake, Feastables, na wanaoililia zaidi ni watoto haohao. Mtoto wa miaka kumi anaelewa biashara hii vizuri akielezwa mara moja. Anapita kila siku mbele ya kabini za kutoa pesa kwa simu na anajua mwenye kabini haketi pale juani kwa mapenzi tu.

Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu alichotoa mtoto hakionekani. Tuchukue mtengeneza video mdogo, anayetangaza dola 100 kwa mtu mmoja: mfuate, andika maoni, taja marafiki watatu. Watu 20,000 wakiitika, amewanunua kwa nusu senti kila mmoja, na kesho atalionyesha kundi hilo kwa mwenye bidhaa anayetafuta wateja. Hakuna aliyeibiwa. Lakini mtoto ameuza jina lake na majina ya marafiki watatu, na hakuulizwa bei.

Nafasi ya kushinda nayo ionekane kwa macho. Kilo ya maharage huwa na punje zaidi ya 2,000. Mwage kilo moja kwenye beseni, tia punje moja ya mahindi, changanya, kisha mfunge mtoto kitambaa usoni achote punje moja. Achote tena na tena mpaka achoke, akirudisha punje kila mara. Kisha mwambie wale 20,000 ni karibu mabeseni kumi ya namna hii, na mahindi ni punje ileile moja. Hapo hahitaji hotuba.

Kuna jambo jingine ambalo watoto wa hapa wanalielewa kuliko wa Ulaya: aliyepewa kitu mbele ya kamera. Ukimuuliza mtoto kama mama anayepewa mchele kwenye video angeweza kukataa kupigwa picha na bado aupate, mazungumzo hubadilika. Wengine wameshasimama kwenye foleni wakiwa wanapigwa picha. Waacheni waseme walivyojisikia.

Halafu wako wezi, na hao hawana hata dola 100. Oktoba 2023 ilienea TikTok video yenye sura na sauti ya Donaldson akitoa iPhone 15 kwa dola mbili. Ilikuwa imetengenezwa na kompyuta, na yeye mwenyewe alijitokeza kuikana. Kanuni za YouTube zinataka shindano liwe la bure kuingia, kwa hiyo anayeomba "ada ya kutoa zawadi" ameshajitambulisha. Wakubwa wanaokumbuka Kinshasa ya 1991 wasimulie habari za Bindo Promotion, ule mchezo wa kuweka pesa ukiahidiwa nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kweli, wakaonyesha noti, na noti hizo ndizo zilizowavuta maelfu waliopoteza kila kitu. Mshindi wa kweli anathibitisha kwamba yeye alilipwa, basi.

Goma hatari hii ina uzito wake. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, simu ya mama ndiyo sanduku la nyumba: pesa ya chakula, karo, msaada wa ndugu walioko ng'ambo. Simu hiyohiyo ndiyo mtoto anayoazima jioni kutazama video. Mwizi haombi pesa kwanza. Anamwandikia: "Umeshinda, nitumie namba sita zilizokuja kwenye simu." Namba hizo ni ufunguo wa WhatsApp ya mama. Akizipata, anaanza kuwaandikia wajomba na mashangazi kwa jina la mama, akiomba dola hamsini za hospitali.

Ikishatokea, dakika zina thamani kuliko fimbo. Mtoto anayekuja mbio akisema "Mama, nimetuma zile namba" ashukuriwe papo hapo, maana kila dakika anayoificha ni ndugu mwingine anayeombwa. Fungua WhatsApp upya kwa namba yako, omba namba sita mpya, uziingize. Mwizi atatolewa nje. Weka neno la siri la hatua ya pili. Kama mtoto alitaja pia siri ya M-Pesa au Airtel Money, ibadilishe kabla ya jambo lingine lolote. Kisha piga simu ya kawaida, wakusikie sauti yako, ukianza na wale ambao huwa hawakatai wakiombwa.