Mvule wa Kaya na Mbuyu wa Shambani

Ukitoka bara ukafika kwetu Pwani, utaona msitu mnene umezungukwa na mashamba, nawe utaambiwa, "Hiyo ni kaya." Usiingie na panga! Humo mna mivule na mibambakofi ambayo babu zetu waliikuta na wakaiacha.

Kaya zilikuwa miji ya makabila tisa ya Wamijikenda. Watu walihama, lakini makaburi na fingo vilibaki humo. Kwa hiyo wazee wa kambi wakashikilia masharti: hukati mti, huchungi mifugo, huachi njia iliyowekwa. Aliyekosa alitozwa kuku au mbuzi wa kutakasa msitu. Kule Kaya Kinondo, Kwale, mgeni hufungwa kaniki nyeusi na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani kavu. Mnaweza kucheka, lakini miti ingali imesimama.

Shida ni kwamba faini ya mbuzi humtisha mwenyeji tu; mwenye tingatinga na hati ya shamba hana habari nayo. Miaka ya 1990 hoteli ilijengwa katika kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni kaya. Kuanzia 1992, serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 UNESCO nayo ikaziingiza baadhi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi sharti la mzee likapata mgongo wa sheria, na anayekata mti humo aweza kujikuta mahakamani.

Lakini je, mbuyu? (Nyinyi mnaomumunya mabuyu mekundu darasani, sikilizeni.) Ulinzi wa kaya huishia kwenye mpaka wa kaya. Mbuyu mwingi u katika shamba la mtu, na mwenye shamba ndiye mwenye neno. Mwaka 2022, kule Kilifi, mibuyu mikubwa ilichimbuliwa na mizizi yake ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia. Wenye mashamba walilipwa shilingi laki moja na zaidi kwa mti. Mwezi Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza ichunguzwe kama leseni ilikuwa halali na kama Wakenya wangepata fungu lao la haki.

Wengi waliwalaumu wale wakulima. Mimi siwalaumu sana, maana laki moja ni karo, na mbuyu haukuwa ukiwaletea hata robo ya hiyo. Kaya ina wazee wanaoilinda na jamii nzima inayoiogopa. Mbuyu wa shambani una mtu mmoja tu, tena mwenye madeni. Sharti litakalomkataza kuuza bila kumpa chochote, atalivunja usiku. Na agizo lile la Rais lilipotoka, mibuyu mingine ilikuwa imeshang'olewa, imebaki mashimo.